Baraza Limehamia Kwenye Grupu, na Baba Mdogo Ana Kabambe

Nilipoondoka Kakamega mwaka wa 2008, intaneti ilikuwa kitu cha kupanda matatu kukifuata mjini. Unaingia saiba, kile kiduka cha kompyuta za intaneti, unalipa kwa dakika, na barua pepe moja inamaliza dakika zote kabla haijafunguka vizuri. Kenya nzima wakati huo ilitegemea setilaiti. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka uliofuata, mimi tayari niko Minnesota najifunza kutembea kwenye theluji. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa bado changa. Mama alikuwa na simu yake ya mulika mwizi, na ili anisikie ilibidi asimame penye kichuguu nyuma ya jikoni, mahali pekee ambapo mtandao ulishika.

Sasa nimerudi kabisa, na kila ninayekutana naye ananiuliza kama nimeona barabara na magorofa. Nimeyaona. Kilichonishangaza zaidi ni jinsi mambo ya boma letu yanavyoamuliwa siku hizi.

Nilikuwa sijamaliza hata kufungua mabegi shangazi alipofariki. Zamani msiba ulianza kwa wazee kukaa chini ya mwembe, wanabishana, wanatuma vijana huku na kule, wanabishana tena. Safari hii grupu la WhatsApp lilifunguliwa kabla mwili haujafika mochari. Mwenyekiti yuko Texas, mweka hazina yuko Nairobi, na orodha ya michango inapandishwa kila baada ya saa chache: jina, kiasi, jina, kiasi. Usipoonekana kwenye orodha hiyo, ndipo unapoonekana hasa. Kufikia saa nne usiku, tarehe, jeneza, mahema na ng'ombe vilikuwa vimeshapitishwa. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa na ndiye angeonyesha mahali pa kuchimba kaburi, alisikia tarehe ya mazishi kutoka kwa kijana wa boda.

Si kwamba hana simu. Anayo kabambe, simu ya vitufe isiyo na WhatsApp, na haikosi chaji. M-Pesa inaingia humo bila shida kwa sababu imekaa kwenye laini yenyewe, haihitaji intaneti. Ndiyo maana iliwafikia hata mama wauza omena miaka mingi kabla ya simu janja kuzagaa. Kwa hiyo ombi la mchango lilimfikia Baba mdogo kwa SMS, na namba ya kutuma pesa ikiwemo. Mjadala haukumfikia.

Na si wenye kabambe peke yao. Binamu yangu ana simu janja aliyoichukua kwa mkopo. Analipa kidogo kidogo kila siku, na akikosa kulipa simu inajifunga. Bando lake ni la saa moja, analinunua jioni akishafunga kibanda. Anafungua grupu anakuta jumbe mia na zaidi, picha, sala, ugomvi wa watu wawili kuhusu bei ya ng'ombe, na mwishoni uamuzi. Anaweka dole gumba. Wa ng'ambo wakiliona wanasema nyumbani wamekubali. Mwenyewe aliniambia aliliweka kwa sababu bando lilikuwa linakata.

Eneo letu hili halikunyimwa teknolojia, tuseme ukweli. Julai 2020 Loon, kampuni dada ya Google, pamoja na Telkom Kenya, walianza kurusha intaneti ya 4G kutoka kwa baluni zilizoelea kama kilomita 20 angani, na Kakamega na Kisumu zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa. Haukupita hata mwaka: gharama zilishindikana kushuka, na Machi 2021 huduma ikazimwa. Mwezi huohuo Safaricom wakatangaza majaribio ya 5G, Kisumu na Kakamega zikiwemo. Mwaka wa 2023 Starlink, wa intaneti ya setilaiti, nao wakaingia nchini. Baba mdogo amepita chini ya vyote hivyo, jembe begani.

Saiba, niliyodhani nitaikuta imekufa, imenona. Serikali iliposukuma huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, tovuti yake ya huduma, mwaka wa 2023, watu wa rika la Mama hawakuwa na njia nyingine ila kwenda kwa kijana wa saiba. Sokoni kwetu yupo mmoja mwenye daftari la kurasa nyingi, lenye nywila za nusu ya kijiji. Ukisahau yako unamwendea. Mimi daftari lile linanitia baridi, lakini wengine wanamwona kama daktari.

Sitaki kujifanya mzee wa kulaumu kila kipya. Dada yangu, ambaye makaratasi yake ya Marekani hayamruhusu kusafiri, alimzika shangazi kupitia simu iliyofungwa kwenye mgomba. Alilia nasi, tukamsikia, na mchungaji akamtaja kwa jina. Mwaka wa 2008 angepata habari kwa simu ya dakika mbili na picha baada ya miezi. Kwa jambo hilo pekee, mnara ule juu ya kilima wauache.

Lakini baada ya mazishi likaja suala la mpaka wa shamba la marehemu, na mtu akaliweka kwenye grupu. Nilimsomea Baba mdogo jumbe zile moja baada ya nyingine. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "shamba haliamuliwi na kidole. Waambie Jumapili, saa tisa, hapa uani. Hiyo simu yako utaiweka juu ya kigoda, uifungue sauti."

Saa tisa alasiri kwetu, Marekani ndiyo kwanza wanaamka. Kelele zikaanza: hiyo ni asubuhi mno, wengine wana zamu, kwa nini tusipige kura papo hapo kwenye grupu. Mwenyekiti wa Texas akaandika kwamba atakuwa kazini na hataweza kuhudhuria. Nikamsomea Baba mdogo hilo pia.

"Basi atume SMS."