Hodi niliyoiacha Kolo

Leo ni siku ya tisa tangu turudi kutoka Babati, na bado ninamsikia yule mzee wa Kolo. Harusi ya mdogo wangu ilifana, na barua ya uhamisho wa Baba Neema imefika kweli kama nilivyohofia mwezi uliopita. Lakini nikizima taa usiku, si harusi wala uhamisho unaonijia, bali swali moja la maneno mawili.

Mnajua kwamba nimefundisha historia Kidato cha Kwanza kwa miaka 11, na kila mwaka nimeandika ubaoni "Kondoa Irangi: michoro ya miambani" bila kupaona mahali penyewe. Ndiyo maana, tulipokuwa njiani kurudi Dodoma, nilimsihi shemeji asimamishe gari Kolo, pale kaskazini mwa mji wa Kondoa. Tulijiandikisha katika ofisi ya mambo ya kale, tukapewa mwongozaji, na gari likatuacha chini ya kilima. Mzee mmoja mwenyeji, aliyekuwa akipanda njia hiyo hiyo na fimbo yake, alifuatana nasi. Nilimwamkia, akaitikia, na kwa muda mrefu hatukusema lolote zaidi, kwa kuwa mlima ule haumwachii mtu pumzi ya maneno.

Niliiona rangi nyekundu kabla ya kufika, na sikumsubiri mtu. Nilijitosa chini ya mwamba, simu mkononi, na nilikuwa nimekwisha kupiga picha tatu au nne nilipomsikia nyuma yangu.

"Mwanangu, umebisha hodi?"

Nikacheka. "Nibishe hodi kwa nani, babu, na hapa hakuna mlango?"

"Mlango hakuna," akasema. "Wenyewe wapo."

Hakukasirika wala hakuongeza neno. Aliketi juu ya jiwe nje ya kivuli cha mwamba, akaupumzisha mguu, na mwongozaji akaanza maelezo yake, nami nikaitikia kwa kichwa huku masikio yangu yakiwa kwa yule mzee.

Nilichokiona ni kizuri kuliko kitabu chochote nilichowahi kuwafungulia wanafunzi. Watu wembamba mno, warefu kama mabua, wenye vichwa vya mviringo kana kwamba nywele zao zimefumuliwa, wamechorwa kwa rangi nyekundu iliyotokana na mawe yenye chuma. Pembeni yao wapo wanyama ambao mchoraji aliwajua vizuri, kwa maana shingo ya twiga imekaa inavyokaa shingo ya twiga anayetembea. Juu ya wekundu huo, mahali pengine, imepita michoro myeupe, minene, ya watu waliokuja baadaye. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa katika vilima hivi mwaka 1951 akiinakili michoro hii mmoja mmoja, na mwaka 2006 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia. Haya yote nilikuwa nikiyafundisha. Jambo ambalo sikulifundisha hata mara moja ni kwamba baadhi ya mapango hayo bado yana kazi: wenyeji hupanda kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa, na pombe ya nafaka hurushwa kwenye mwamba ule ule wenye michoro. Wahifadhi wanasikitika kwa kuwa pombe hiyo huichakaza rangi, nami ninawaelewa. Lakini sasa ninaelewa pia kwamba kwa anayeimwaga, pale si ukutani pa picha.

Kwa siku nane niliyarudia maneno yale nikibadilisha jibu langu. Mara ningesema "Nisamehe, babu." Mara ningetoka nje na kuanza upya. Kicheko ndicho kilichoniuma, kwa sababu nimemlea Neema asiingie hata jikoni kwa jirani bila hodi.

Jana jioni nilimsimulia Baba Neema tena, naye alikuwa akipiga pasi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba naye alikuwa akibisha hodi kwenye gogo."

Mnamkumbuka marehemu baba mkwe na sanamu zake za mpingo, zile za ujamaa, za watu waliopandana na kushikana, wote wakitoka katika gogo moja. Kabla ya kuligusa gogo kwa tezo, aligeuza mpini akaligonga mara mbili, tatu, akatega sikio. Mimi niliamini alikuwa akitafuta uwazi, kwa kuwa mpingo mara nyingi huoza moyoni huku nje ukionekana mzima, na kweli alikuwa akitafuta uwazi. Lakini Baba Neema anasema kwamba baada ya kugonga alikuwa akingoja, muda mrefu kuliko sikio linavyohitaji, na watoto walikatazwa kusema mpaka ashike kazi.

Kisha akaniuliza, bila kuinua macho kwenye shati, "Kwani ungebisha hodi, nani angeitikia?"

Hapo nikamwona mzee upya, ameketi nje ya kivuli, ameelekeza uso kwangu. Yeye ndiye angeitikia. Alikuwa amepanda mlima wote ule na "karibu" yake mdomoni, akingoja tu niiombe. Nilikuwa nimelibeba swali lake kama kemeo kwa siku nane, na jana kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba aliniuliza. Asubuhi niliishusha sanamu ya baba mkwe kutoka juu ya kabati, nikaipangusa vumbi katikati ya vile vidole vyote vilivyoshikana, na kabla ya kuishika niliigonga kidogo kwa ukucha.

Neema amekohoa tena usiku, kikohozi kikavu kile cha mwezi Juni, na dawa tuliyopewa imebaki vijiko viwili. Kesho nitaomba ruhusa ya kipindi cha kwanza nimpeleke kituo cha afya kabla foleni haijawa ndefu.