Uwanja chini ya jabali: siku yangu moja shuleni, Mwanza

Saa 12:15 asubuhi. Mvua ya vuli ilinyesha usiku kucha, hivyo kabla ya kufungua ofisi nilizunguka nyuma ya madarasa kukagua makinga maji ambayo klabu yetu ya mazingira iliyachimba kukatiza mteremko. La juu lilikuwa limejaa tope hadi ukingoni, nami nikafurahi, kwa sababu tope hilo ni udongo wa uwanja wetu ambao zamani ungeteremka hadi Mto Mirongo na kuishia ziwani.

Saa 1:00. Wanafunzi walifanya usafi. Kila asubuhi huwakumbusha wasifagie majani yaliyoanguka chini ya miarobaini, maana udongo unaofagiliwa ukabaki mtupu hutimua vumbi kiangazi na huchukuliwa na maji masika. Mwalimu mwenzangu mmoja bado anayaita majani hayo uchafu, na hatujaafikiana.

Saa 4:00, mapumziko. Wasichana walicheza rede, wengine wakachuchumaa kwenye mdako, na foleni ndefu kuliko zote ikawa jabalini. Hilo ni jiwe la matale, lenye ubavu mmoja uliolainishwa na makalio ya vizazi vya watoto hata ukang'aa, nao huuteremka kwa kelele kubwa. Hakuna aliyelinunua wala anayelipaka rangi, ingawa akina mama hunilalamikia juu ya kaptula zinazotoboka, na malalamiko yao ni ya haki. Kando yake tumefukia matairi chakavu nusu ardhini. Lile ambalo halijafukiwa nililikuta na maji ya mvua ndani, likiwa na viluwiluwi vya mbu wanaochezacheza. Nikayamwaga, kisha nikawaita vijana wawili wa darasa la saba walijaze kokoto na udongo siku hiyohiyo.

Kengele ilipolia walinawa kwenye vibuyu chirizi, ambavyo maji yake hufuata kijifereji hadi kwenye shina la mwembe mchanga.

Saa 7:00 jabali lilikuwa la moto kiasi cha kutokalika. Watoto wote walijibana kwenye kivuli cha miti mitatu, na hapo ndipo mtu anapoona jinsi miti mitatu isivyowatosha.

Saa 8:30, kikao cha kamati ya shule. Mzazi mmoja alikuwa amejitolea mifuko ya saruji, na wajumbe wengi walitaka uwanja wote usakafiwe ili vumbi liishe. Nilieleza kwamba sakafu hainywi maji, kwamba mvua yote ingeshukia nyumba za majirani walio bondeni, na kwamba mtoto akianguka hapo ataumia zaidi kuliko anavyoumia mchangani. Mzee mmoja aliniuliza, "Sasa mwalimu, vumbi je?" Swali lilikuwa zuri. Baada ya mabishano marefu tulikubaliana saruji ijengee msingi wa tangi la kuvunia maji ya paa, na uwanja upandwe ukoka kipande kwa kipande, kila kipande kikifungwa mpaka kishike.

Saa 10:30 nilizungushia kipande cha kwanza kamba kuukuu ya nyavu tuliyopewa na wavuvi. Mtoto wa darasa la pili akanisogelea.

"Shikamoo mwalimu. Tutacheza lini hapo?"

"Marahaba. Masika yakianza."

Akahesabu miezi kwa vidole, akaguna, akarudi jabalini.