Nilivyowasaka fangasi wa Tanzania kwenye makabrasha

Nilipopewa kazi ya kupitia tafiti za fangasi nchini, nilianza na Google Scholar kama kila mtu. Yakaja mahindi, karanga, halafu mahindi tena. Ukiishia hapo utadhani fangasi wetu wote wanaishi ghalani. Inaeleweka: mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na fangasi wa kwenye nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na fedha za miradi huenda kwenye misiba.

Njia iliyozaa matunda ilikuwa kuwatafuta wanaofanya kazi na fangasi bila kujiita wataalamu wa fangasi. Madaktari, kwa mfano. Utafiti uitwao REMSTART, uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kuchapishwa 2015, unasomeka kama utafiti wa UKIMWI. Ukiufungua unakuta wagonjwa wakipimwa kriptokokasi, fangasi anayeleta homa ya uti wa mgongo, huku wahudumu wakiwafuata nyumbani. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Kwenye kahawa sikuandika fangasi kabisa, niliandika chulebuni na kutu ya majani, magonjwa ya kahawa yanayoletwa na fangasi.

Misituni ilibidi nibadilishe hata jina la nchi. Niliandika Tanganyika, Zanzibar, Deutsch-Ostafrika (jina la koloni la Wajerumani), kisha Usambara na Uluguru. Hapo ndipo wakaibuka Wajerumani wa karne ya 19, na Pegler wa Kew, bustani ya mimea ya London, na kazi yake ya 1977 juu ya uyoga wa Afrika Mashariki. Mwaka 2003 kikatoka kitabu cha uyoga wa Tanzania cha Härkönen na Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wetu. Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akafuata na wenzake mwaka 2012, na uyoga wa miombo wa jamii ya Afrocantharellus.

Yote niliyaingiza kwenye jedwali la Excel: mwaka, mahali, fangasi, aliyelipia. Safu ya mwisho niliiongeza baadaye, nayo ndiyo iliyonifundisha zaidi: sampuli iko wapi? Mara nyingi jibu lilikuwa Kew au Helsinki. Sina ugomvi na hilo, zimetunzwa vizuri. Ila mwanafunzi wa Iringa anayetaka kulinganisha uyoga aliouokota asubuhi anahitaji nauli ya ndege, au picha nzuri na mtunzaji mwenye subira. (Ukiwaandikia, taja namba ya sampuli kwenye kichwa cha barua pepe.)

Nilipopanga jedwali kwa aina ya fangasi, pengo likajionyesha lenyewe. Uyoga unaoliwa una watu wake. Wanaoshambulia mazao wana watu na fedha. Wale wadogo wa udongoni, wa kwenye majani yanayooza na wa kwenye miili ya wadudu wana mistari michache mno, ilhali ndio wengi: makadirio ya 2017 yanataja spishi za fangasi wote kati ya milioni 2.2 na 3.8 duniani.

Jedwali nimelikabidhi. Nimependekeza fedha za kwanza ziende kwenye makabati ya kuhifadhia sampuli hapa hapa nchini, na mshahara wa mtu mmoja wa kuyatunza.