Siku simu ilipolia

Modemu yetu, kifaa cha kuingia intaneti kwa laini ya simu, ilikuwa na kelele zake: mlio mwembamba, halafu mkwaruzo kama redio iliyopoteza stesheni. Ikinyamaza, ujue intaneti imeshika na simu ya mezani imefungika. Anayepiga kwetu Chang'ombe, Dar es Salaam, atasikia tu kwamba laini inatumika.

Usiku mmoja wa mwaka 2004 nilikaa zaidi ya saa mbili nikishusha makala za masomo. Modemu iliandikwa kilobiti 56 kwa sekunde, na hata hizo sikuwahi kuzipata. Wakati huohuo mjomba yuko kibanda cha simu Muheza, mkoani Tanga, anapiga, anakata, anapiga tena, mpaka kibanda kikafungwa. Bibi alikuwa amefariki. Mjomba alitupata asubuhi, basi la alfajiri limeshaondoka. Tulifika alasiri, bibi keshazikwa tangu adhuhuri.

Mama hakunigombeza. Ila tangu siku ile, nikiigusa tu modemu, anauliza: "Utakaa sana?" Nikawa naunganisha dakika kumi, nakata, nasikilizia.

Julai 2009 mkongo wa baharini, waya wa intaneti uliolazwa chini ya bahari, ukaanza kazi Dar es Salaam. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na bei yake haikushikika. Mwaka uliofuata mshahara wangu ukaweza. Fundi akaja na kisanduku chenye antena, akachomeka ukutani kichujio kidogo kama kiberiti. Waya ni uleule wa shaba, akasema, ila sauti inapita masafa ya chini na intaneti masafa ya juu, hazigusani. Nilimwelewa, lakini moyo haukukubali.

Jioni nikakaa uani, kompyuta mapajani, haina waya hata mmoja. Mama anachambua mchele pembeni. Picha za harusi ya binamu zinafunguka moja baada ya nyingine. Mara simu ikalia sebuleni.

Mama akaacha ungo. "Umekata?"

"Sijakata, mama."

Akaingia ndani, nami nyuma yake na kompyuta mkononi. Alikuwa mjomba. Hata salamu hazijaisha, mama akamwambia: "Kaka, hebu kata, unipigie tena."

Akarudisha mkono wa simu mahali pake, akasimama anaitazama, mchele bado umeganda vidoleni. Ikalia. Hakuipokea upesi. Aliiacha ilie mara tatu, nne, huku akiangalia kioo cha kompyuta, ambako picha ya bibi harusi ilikuwa inaendelea kushuka.