Kompyuta Sina, Bandit Nimeimaliza kwa Simu

Kila nilipouliza nianzie wapi kujifunza usalama wa programu, nilijibiwa bei. Mmoja akasema bila kompyuta ya RAM kubwa nisijisumbue. Mwingine alikuwa na "darasa la udukuzi" kwenye WhatsApp, laki na ushee, ukilipa unatumiwa PDF. Jamaa yangu aliyelipa akanionyesha: kurasa nzima zimenyofolewa kutoka CS50, kozi ya Harvard ambayo mtu yeyote anaisoma bure!

Mimi nilikuwa na simu ya Android iliyopasuka kioo. Nikachukua Termux, programu inayokupa dirisha la amri za Linux kwenye simu, kule F-Droid, duka la programu huria, nikaweka openssh, nikaingia Bandit, mchezo wa kujifunza usalama wa tovuti ya OverTheWire. Unaunganishwa na seva yao kwa SSH, njia salama ya kuamrisha kompyuta ya mbali, mlango (port) 2220, jina bandit0, nywila bandit0, na kila ngazi unasaka nywila ya ngazi inayofuata. Ni maandishi matupu, kwa hiyo bando la buku linasukuma siku kadhaa. Video za CS50 ndizo zinazokula. Hizo ni za bando la usiku.

Ngazi za mwanzo usizidharau. Kuna faili linaloitwa "-", kistari tu. Amri ya kuonyesha faili ni cat, lakini ukiandika cat - simu inakaa kimya ikikungoja wewe uandike, maana kwa cat kistari ni amri ya kusoma kutoka kwenye kibodi. Dawa yake cat ./- basi. Nywila zenyewe siziweki hapa.

Sasa ngazi ya 25 kwenda 26! Unapewa ufunguo, unaingia, jina bandit26 linachorwa kwa mbwembwe, papo hapo unatupwa nje. Unaingia tena, unatupwa tena. Nikachungulia /etc/passwd, faili lenye orodha ya watumiaji wa seva, kumbe mtumiaji huyo hapewi bash, programu ya kupokea amri, kama wenzake. Anapewa kiprogramu kinachoonyesha faili fupi kwa more, amri ya kusoma maandishi kioo kimoja kimoja, kisha kinafunga. Na more ina tabia yake: maandishi yakienea kwenye kioo inayamwaga yote na kuondoka, yasipoenea inasimama kukusubiri. Wenye kompyuta wanafinya dirisha. Mimi dirisha la kufinya nitalitoa wapi? Nikailaza simu, kibodi ikameza nusu ya kioo, nikatanua vidole viwili mpaka herufi zikawa kubwa kama za ubavuni mwa daladala na mistari ikabaki mitatu hivi. Nikaingia. Ikasimama! Nikabonyeza v, vim, programu ya kuhariri maandishi, ikafunguka, nikaandika :set shell=/bin/bash, halafu :shell. Nilipiga ukelele hadi dada akaja kuuliza kama Simba wamefunga. Wa RAM kubwa na waje tushindane.

Upande wa tovuti nilikwenda Web Security Academy ya PortSwigger, nayo bure. Watakwambia lazima uwe na Burp Suite, programu ya kunasa na kubadili mawasiliano ya kivinjari na tovuti. Kwa maabara nyingi za mbele ni kweli, na hizo naazima kompyuta ya binamu. Lakini ile ya mwanzo ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, niliimaliza kwenye Chrome ya simu: mwishoni mwa anwani, baada ya aina ya bidhaa, niliongeza '+OR+1=1-- na bidhaa zilizofichwa zikatoka zote. Alama ya nukuu inafunga neno, 1=1 ni kweli siku zote, vistari viwili vinalifuta sharti la released = 1. Tangu siku hiyo siandiki msimbo unaounganisha maneno ya mtumiaji na swali la SQL; alichoandika nakipitisha kando kama thamani tu, kisisomwe kama amri.

Ila cheza kwenye maabara zao tu. Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kuingia mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa hata usipoiba kitu.

Kwa sasa niko Natas, mchezo wa usalama wa tovuti, hapo hapo OverTheWire. Nywila ya kwanza iko kwenye chanzo cha ukurasa, na kwenye simu huna kitufe cha kulia cha kubofya. Andika view-source: mbele ya anwani.