Pawa saplai ndiyo ya kwanza

Januari 2020 kazi za kuhariri video zilinizidi. Desemba ni msimu wa arusi na kwanjula, zile sherehe ambazo binti humtambulisha mchumba wake kwa wazazi, na wapiga picha walikuwa wameanza kuniletea video za 4K. Laptopu yangu ilikwama kila nilipogusa rangi. Kompyuta za ofisini zilizotumika, ambazo Kampala zimejaa, ni imara, lakini nyingi zina makasha madogo na pawa saplai zake, yaani vifaa vinavyopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, hazina waya wa kulisha kadi kubwa ya grafiki. Nikaamua kuunda yangu, kifaa kwa kifaa.

Orodha niliiandika usiku nyumbani kwetu Bombo, mji wa kambi ya jeshi kaskazini mwa Kampala. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa Ryzen 5 3600 ya AMD, iliyotoka Julai 2019, yenye viini sita vinavyoshika kazi 12 kwa wakati mmoja. Haina ndani yake sehemu ya kuchora picha za skrini, hivyo kadi ya grafiki ni lazima, nami nikachagua GTX 1660 Super yenye memori ya GB 6. RAM, memori ya kazi inayoendelea, ya GB 16, ila kwa vijiti viwili vya GB 8, kwa sababu prosesa huvisoma vyote kwa pamoja na njia ya data inapanuka maradufu. Kwenye ubao mama, ule unaobeba na kuunganisha vifaa vyote, nilikuwa makini zaidi. Mbao za aina ya B450 zilitoka 2018, kabla ya prosesa hiyo, na ubao uliokaa sana stoo na BIOS ya zamani, ile programu ndogo ya kuamsha kompyuta, hauwezi kuiwasha. Nikaandika kwa herufi kubwa: tafuta boksi lenye kibandiko kwamba uko tayari kwa Ryzen za 3000.

Mstari wa pawa saplai niliuacha wazi. Huo nilimtaka baba.

Baba alistaafu jeshini, ambako miaka mingi alitunza majenereta. Sisi watoto wa kambi tulikua na Kiswahili, na hadi leo majirani humwita Afande. Kompyuta hakuwahi kutumia, ila mzigo wa umeme aliufahamu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alivaa miwani, akapitia orodha yangu polepole.

"Hii kadi inakula wati ngapi?"

"Mia moja ishirini na tano, baba."

"Na hiyo prosesa?"

"Imeandikwa 65, lakini ikikazwa inakaribia 90."

"Zote zinakula volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akajumlisha pembeni ya karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Asubuhi tukaenda mjini pamoja.

Dukani mambo yalikwenda upesi hadi tulipofika kwenye kasha. Muuzaji, kijana mchangamfu, alituletea moja lenye kioo ubavuni na feni za taa. Lilikuja na pawa saplai yake ndani, wati 500, bila nyongeza ya bei. Baba akaomba bisibisi.

"Mzee, hiyo nimeshauza nyingi tu," kijana akasema.

"Sikatai, mwanangu. Nataka tu kusoma."

Akaifungua, akaipima kwa mkono, akaigeuza upande wenye jedwali. Ubavuni ilikuwa imeandikwa 500 kwa maandishi makubwa, lakini kwenye jedwali laini ya volti 12 ilikuwa na ampea 16. Akanionyesha kwa kidole bila kusema neno. Kumi na sita mara kumi na mbili ni 192, na kwenye karatasi yake kadi na prosesa peke yake zilikuwa zinataka zaidi ya 210. Hizo wati nyingine, kama zilikuwepo, zilikuwa kwenye laini ambazo kompyuta ya leo karibu haizihitaji.

"Rahisi yavunja upishi," akaniambia, akairudisha.

Nimeshaona watu wengi wakibishana juu ya prosesa hadi koo zikakauka, kisha kifaa kinacholisha vyote wakakichukua chochote kile. Kwetu umeme hushuka jioni, hukatika, na ukirudi unaweza kurudi kwa kishindo. Pawa saplai dhaifu ikifa katika hali hiyo inaweza kuondoka na ubao na kadi. Kwangu mimi uchaguzi wa vifaa unaanzia kwenye soketi ya ukutani.

Tulipata ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze, maana yake ikiwa na nusu ya mzigo angalau asilimia 85 ya umeme unaoingia hufika kwenye vifaa. Laini yake ya volti 12 ilikuwa na ampea 45. Ili itoshee kwenye fedha zetu tuliacha kioo na taa, tukachukua kasha la kawaida lenye vichujio vya vumbi, na SSD, diski ya kuhifadhia kazi, nikaishusha kutoka TB 1 hadi GB 500. Hiyo SSD iliniuma. Lakini diski unaongeza wakati wowote.

Kisha UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Ukubwa wake huandikwa kwa VA, yaani volti mara ampea, lakini VA si wati, na ile ya VA 650 kwa kawaida haifiki hata wati 400. Tukaweka kompyuta na skrini kwenye hesabu moja, tukachukua ya VA 1200.

Kuunganisha hakukuchukua muda. Kuwasha ndiko kulikochelewa, kwa sababu baba alikataa. Soketi zetu zilikuwa na matundu matatu, ila la tatu halikuunganishwa popote, na bila ethi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kasha la chuma humchoma kidogo kidogo anayeligusa. Akachimba nyuma ya nyumba, akapigilia nondo ya shaba, akamwaga mkaa, chumvi na maji, akavuta waya hadi ndani. Akapima kwa mita kati ya waya wenye umeme na ethi, kisha kati ya waya huo na nyutro, waya ambao umeme hurudia. Namba zilipokaribiana akasema, "Washa."

BIOS ikafunguka. Nikamwonyesha laini ya volti 12: ilikuwa imetulia kwenye 12 na nukta kidogo. Nikawasha XMP, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, kwa kuwa bila hiyo RAM ya kasi ya 3200 ilikuwa inatembea kwa 2133 tu. Baada ya kuweka programu nikaanzisha kutoa video ya kwanjula moja ya Luweero. Ikiwa katikati, baba akaenda kwenye swichi kuu akaizima. Mama akapiga kelele jikoni, UPS ikalia, video ikaendelea. Baba akarudisha umeme, akavuta kiti, akaniuliza TB 1 ya diski inauzwa bei gani peke yake.