Siku niliyokaa kiti cha mtuhumiwa

Ilikuwa 2012, nina miaka miwili tu kwenye mambo ya HR, yaani rasilimali watu, kampuni yetu ya malori pale Dar ikanipeleka Morogoro kwenye semina ya siku mbili kuhusu nidhamu kazini. Kusema kweli nilifuata cheti, sheria niliona nishazisoma chuo.

Siku ya kwanza ikaisha kwenye makabrasha. Ya pili mwezeshaji, mama mmoja mtu mzima aliyekaa viwandani miaka mingi, akasema leo hatusomi, tunaendesha kikao cha nidhamu, mimi akanipa nafasi ya mfanyakazi, akanikabidhi barua ya tuhuma imejaa kizungu cha kisheria, una dakika tatu. Wenzangu wanne wako mezani wananitazama, mimi nasoma mstari wa kwanza, narudia tena uleule, jasho linanitoka na najua kabisa ni maigizo. Ndo akatufungulia Kanuni za Utendaji Bora za 2007 za sheria ya kazi, ile GN 42 (Tangazo la Serikali namba 42), kanuni ya 13: uchunguzi kwanza, taarifa kwa lugha ambayo mtu anaielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aje na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na mwenyekiti asiwe mtu aliyehusika na jambo lenyewe.

Nikamkumbuka dereva wetu. Wiki mbili nyuma nilimwandikia barua ya kumwachisha kazi, upotevu wa dizeli, kwa Kiingereza, kaitwa asubuhi, mchana kasaini. Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka pale kwenye sahihi yake. Chakula cha mchana siku hiyo kilinishinda.

Jumatatu nikaingia kwa bosi na lile kabrasha. Akasema ya semina yabaki semina. Nikamwambia mzee, huyu dereva akienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, hatuna karatasi hata moja ya kututetea, na fidia wakati ule ilikuwa haipungui mshahara wa miezi 12, hapo akavua miwani. Ila mimi kilichokuwa kinaniuma hakikuwa fidia, ni ile karatasi iliyotoboka.

Tukamwita yule dereva, tukaanza upya kwa Kiswahili, tukampa siku tatu, akaja na dereva mwenzake. Akatoa kwenye mfuko wa shati risiti ya fundi wa Chalinze, imekunjwa mara nne, ina madoa ya mafuta, kumbe paipu ya dizeli ilikuwa inavuja njia nzima.

"Dada, nilikuwa nayo tangu siku ile," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."